Maji Baridi na Maji ya Magadi: Uhakiki wa Lugha ya Kemia katika Kiswahili

1. Utangulizi

Katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana, mashariki ya mji wa Lodwar, pana mahali paitwapo Eliye Springs ambapo maji ya chemchemi hububujika mchangani chini ya mikoma, kisha hutiririka masafa mafupi na kuingia ziwani. Maji ya aina mbili hukutana hapo. Ya chemchemi hunyweka. Ya ziwa yana ladha ya magadi, na mwenye kuyanywa siku zote hudhurika. Kiswahili kinayo majina ya kutosha ya kuyatenganisha maji hayo: maji baridi au maji matamu kwa upande mmoja, maji ya chumvi au maji ya magadi kwa upande wa pili. Swali lifuatalo, yaani kwa nini maji yaliyo jirani kiasi hicho yatofautiane kiasi hicho, ni swali la kemia. Hapo ndipo lugha inapopimwa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha ya kemia katika Kiswahili kwa kutumia swali hilo moja. Kipimo kilichozoeleka katika mijadala ya istilahi ni hesabu ya maneno: ni dhana ngapi zimekwisha kupewa majina, na ngapi bado. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kipimo hicho hakitoshi. Lugha ya sayansi hupimwa kwa aya, wala si kwa neno moja moja. Inapaswa kuulizwa iwapo lugha yaweza kuichukua sababu kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake bila kukatika njiani, na iwapo msomaji aliye mgeni wa sayansi aweza kuifuata.

Swali hili lina uzito wa pekee katika eneo la Turkana. Mwaka 2017 ilianzishwa Lodwar taasisi ya elimu ya juu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, chini ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Mwanafunzi wa chuo cha namna hiyo aweza kuwa wa sayansi, atakayeisoma kemia kama taaluma yake. Aweza pia kuwa wa lugha, biashara au utawala, ambaye kemia aliiacha alipomaliza shule ya sekondari. Huyu wa pili ndiye aghalabu atakayekuwa diwani, mwandishi wa habari, mwalimu wa msingi au karani wa mradi wa maji. Uamuzi wa maji yapi yanywewe utapita mikononi mwake.

2. Historia ya Orodha

Jitihada za kukipatia Kiswahili istilahi za sayansi hazikuanza jana. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi nne za Afrika Mashariki ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa Tanzania mwaka 1967, mwaka uleule lilipotangazwa Azimio la Arusha na Kiswahili kikapewa nafasi ya kufundishia katika shule za msingi za nchi hiyo. Katika miaka ya 1970 Baraza hilo lilitoa vijitabu vya istilahi vilivyojulikana kwa jina la Tafsiri Sanifu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Ni muhimu kuukumbuka mfuatano huo wa miaka unapoangaliwa uchapishaji wa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi mwaka 1990. Kazi hiyo ilitoka wakati ambapo darasa lililotarajiwa kuitumia lilikuwa limekwisha kufungiwa mlango. Kosa hilo si la watungaji. Kwa upande wao, kukusanya istilahi za sayansi tatu katika kitabu kimoja na kuzipa sura inayokubaliana na sauti za Kiswahili ni utumishi mkubwa ambao hadi leo kila atafsiriye habari za sayansi anautegemea, ajue asijue. Walakini istilahi isiyotumika darasani haisahihishwi. Neno hupata maana yake kamili linapoingia katika sentensi, likagongana na maneno mengine, likakataliwa na mwanafunzi mmoja na kukubaliwa na wengine. Istilahi za kemia zilikosa mgongano huo. Zikabaki majina katika orodha, kama vyombo vya maabara ambavyo havijatolewa sandukuni.

Upande wa Kenya hali ilikuwa tofauti kwa sura, lakini ilifanana kwa matokeo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na Katiba ya mwaka 2010 ikakipa hadhi ya lugha rasmi pamoja na ile ya lugha ya taifa. Hata hivyo Kiswahili kilibaki kuwa kitu kinachosomwa. Hakikuwa njia ya kusomea vitu vingine. Kemia katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo wapo maelfu ya watu waliohitimu wakiwa na Kiswahili kizuri na kemia ya kuridhisha, ilhali hawajapata hata siku moja kuvikutanisha viwili hivyo katika aya moja.

3. Aya ya Majaribio

Ili uhakiki usielee hewani, yafaa jibu la swali la Eliye liandikwe, kisha lichunguzwe. Jibu lenyewe laweza kuwa hivi:

Ziwa Turkana hupata zaidi ya asilimia 80 ya maji yake kutoka Mto Omo, na mengine kutoka mito ya Turkwel na Kerio. Lakini halina hata mto mmoja utokao. Maji yake hupotea kwa njia moja kubwa: hugeuka mvuke kwa jua na upepo. Kila mto, hata ule wenye maji matamu, hubeba chumvi kidogo zilizomumunyika kutoka katika miamba. Maji yageukapo mvuke, chumvi hubaki. Kwa hiyo maji ya ziwa yamezidi kukolea, hata lita moja ikawa na takriban gramu 2.5 za chumvi za namna mbalimbali. Sehemu kubwa ya chumvi hizo ni sodiamu na bikabonati, jozi ileile ambayo hufanya magadi. Kalsiamu iletwayo na mito huungana na kabonati ikawa chokaa, nayo chokaa hutuama chini. Sodiamu haituami kwa urahisi hivyo, hubaki majini. Ndiyo sababu maji ya ziwa yana ualkali: kipimo chake cha pH hukaribia 9.2, ambapo 7 ni kipimo cha maji yasiyoelemea asidi wala alkali. Tena, kalsiamu ikiisha kutuama, floraidi hukosa mwenzi wa kuishika na kuizamisha. Nayo hubaki imemumunyika, kwa kiasi kinachopita mara kadhaa kile cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa ukomo wa maji ya kunywa. Maji ya chemchemi ni ya chini ya ardhi. Yalianza kama mvua na mafuriko yaliyopenya mchangani, yakasafiri mbali na jua. Hayakupata nafasi ya kugeuka mvuke kama ya ziwa, kwa hiyo hayakukolea kama ya ziwa. Si kwamba hayana kitu ndani yake, yana kidogo.

Mambo matatu hudhihirika katika aya hiyo. Kwanza, sababu imefika mwisho wake. Hapana pengo lililolazimu sentensi ya Kiingereza kuazimwa ili kulivuka. Pili, maneno ya kigeni ni machache kuliko inavyodhaniwa: sodiamu, kalsiamu, kabonati na bikabonati, floraidi, asidi, alkali na kipimo cha pH, pamoja na vipimo vya lita na gramu ambavyo kila muuza duka anavijua. Hayo ni majina ya vitu na vipimo, nayo husafiri duniani kote kwa sura zinazofanana. Tatu, kazi yote ya kueleza imefanywa na vitenzi, na karibu vitenzi vyote ni vya nyumbani: kubeba, kumumunyika, kugeuka, kubaki, kukolea, kuungana, kutuama, kushika, kuzamisha, kupenya.

Aya hiyo imeonyesha pia mahali palipo na mashaka. Msemaji wa kawaida hasemi kwamba chumvi imemumunyika; husema imeyeyuka. Neno hilohilo hulitumia kwa samli iliyowekwa juani. Kwa mpishi hapana hasara yoyote katika kulitumia neno moja kwa mambo mawili. Kwa mkemia hasara ipo, kwa sababu samli iliyeyuka peke yake kwa kupata joto, ilhali chumvi ilihitaji maji, na bila maji hayo joto la jikoni lisingeiyeyusha. Waliopendekeza mmumunyo na kumumunyika kwa jambo la pili walitazama mbali. Neno lenyewe halikuchongwa: mtoto humumunya peremende, naye hajui kwamba mate yake yanafanya kazi ileile ambayo mto huifanya juu ya mwamba. Pendekezo hilo ni zuri, lakini halitashika kwa kuandikwa kamusini tu. Litashika siku mwalimu atakapoziweka samli na chumvi mbele ya darasa na kuuliza ni ipi iliyoyeyuka na ni ipi iliyomumunyika.

4. Vitenzi Vilivyosahauliwa

Iwapo kazi ya kueleza hufanywa na vitenzi, ni kwa nini orodha za istilahi zimejaa nomino? Jibu linapatikana katika namna orodha hizo zinavyotungwa. Mtungaji huanza na orodha ya Kiingereza, na orodha ya Kiingereza hupenda nomino. Kila tukio huko hugeuzwa kuwa jina. Basi mtungaji hutafuta jina kwa kila jina, na akishalipata huliweka alama na kupita. Kitenzi kilichozaa jina hilo, au ambacho kingelizaa, hakiulizwi.

Kiswahili, kwa hakika, kina utajiri wa vitenzi vya hali za vitu ambao haujachotwa ipasavyo. Mchuzi hukolea chumvi. Kutokana na kitenzi hicho hupatikana ukolezi, neno ambalo lamweleza msomaji habari zake mara tu alisikiapo. Kinyume chake kipo pia: uji mzito huzimuliwa kwa maji, na mmumunyo uliokolea waweza kuzimuliwa vivyo hivyo. Maji ya mto huachwa yatuame, kisha huchujwa. Damu na mafuta huganda. Maziwa huchacha. Chuma hushika kutu. Katika kila kimoja cha vitenzi hivi mna somo zima la kemia ya mwaka wa kwanza.

Zaidi ya hayo, viambishi vya kitenzi cha Kiswahili hubeba tofauti ambazo mkemia huzihitaji kila siku. Kusema kwamba chumvi imemumunyika hakumtaji aliyefanya; kusema kwamba imemumunyishwa kunadokeza kwamba yupo mtendaji au kipo kitendeshi. Kusema kwamba kalsiamu na kabonati zimefungamana kunaonyesha kwamba kila kimoja kimemshika mwenziwe. Na kitenzi kufungua, kwa kiambishi chake cha kutendua, kipo tayari kwa ajili ya siku ambayo asidi itamwagwa juu ya chokaa na fungamano hilo kuachana. Mwanafunzi aliyezaliwa katika Kiswahili ameyajua haya bila kufundishwa. Aliyekipata shuleni, kama ilivyo kwa wengi wa Turkana ambao lugha yao ya kwanza ni Ng'aturkana, anayajua kwa kiasi kinachomtosha kuanzia.

Kutokana na hayo, kasoro kubwa ya istilahi za kemia si uchache wake. Kasoro yake ni kwamba zimetolewa bila vitenzi vyake na bila sentensi zake. Kamusi ya kemia ambayo kila neno lake lingefuatwa na kitenzi kinachoandamana nalo na sentensi moja iliyotimia ingekuwa nyembamba kuliko zilizopo, na ingefaa zaidi.

5. Magadi Si Alkali

Hapana budi sasa kuichunguza hoja ya upande wa pili, ile isemayo kwamba maneno ya kigeni yaondolewe na mahali pake pawekwe ya asili. Katika eneo lenye ziwa la magadi, hoja hiyo huja na mfano ulio tayari: kwa nini kusemwe alkali, na hali neno magadi lipo katika kila jiko?

Mfano huo unavutia, lakini haufai. Magadi ni kitu. Alkali ni kundi la vitu. Magadi yachimbwayo katika Ziwa Magadi kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, ni chumvi za sodiamu zilizotokana na kukauka kwa maji. Ndiyo yatiwayo katika maharage ili yaive upesi, na katika ugoro ili uwe mkali. Soda kostiki inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni ni alkali pia, tena kali kupita kiasi: hubabua ngozi na kupofusha macho. Mtu aliyefundishwa kwamba alkali ni magadi atakuwa na sababu nzuri ya kudhani kwamba kila alkali inaweza kutiwa chunguni. Kosa la istilahi hapo si kosa la ufasaha tu. Ni kosa la usalama.

Sarufi nayo inakataa. Neno magadi halina umoja wa kuhesabika: hapana magadi mamoja na magadi mawili kwa maana ya namna mbili zilizo tofauti. Alkali, katika ngeli yake, huhesabika bila taabu: alkali moja, alkali mbili, alkali hizi zote. Dhana ya kundi inahitaji neno linaloweza kuhesabiwa. Neno chumvi limefaulu kuvuka mpaka huo kwa sababu ngeli yake yaliruhusu. Jikoni husemwa chumvi hii, maabara husemwa chumvi hizi, na badiliko dogo la kionyeshi humwambia msikilizaji kwamba sasa anaingia katika kemia.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jiko halina la kuchangia. Waluhya wa magharibi mwa Kenya hutumia musherekha, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya mimea, kulainishia mboga na kunde. Kilicho ndani ya maji hayo ni kabonati ya potasiamu hasa, wala si ya sodiamu. Kwa hiyo vitu viwili vilivyo tofauti, kimoja cha ziwani na kimoja cha jivuni, hufanya kazi moja chunguni. Mpishi anayejua kwamba akikosa magadi atatumia maji ya majivu ameikaribia dhana ya kundi kuliko mwanafunzi aliyekariri tafsiri ya alkali. Amebakiza jina tu.

Na jina lenyewe si geni kama linavyoonekana. Alkali limetoka katika Kiarabu, lugha ambayo Kiswahili kimekopa kwayo mamia ya maneno, na maana yake ya awali ni majivu ya mimea ya nchi ya chumvi. Humphry Davy alipoitenga sodiamu na potasiamu mwaka 1807, elementi hizo zilipewa baadaye alama za Na na K. Herufi hizo humsumbua kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki kwa kuwa hazifanani na majina anayoyajua. Ya kwanza imetokana na neno la kale la magadi, na ya pili imetokana na lilelile la majivu lililozaa alkali. Mwanafunzi wa Lodwar akiambiwa habari hiyo, jedwali la elementi litaacha kuwa kitu cha watu wengine. Hatalazimika kulibadili neno ili liwe lake.

6. Mwanafunzi Asiye wa Sayansi

Yamkini mtu atasema kwamba mambo haya yamhusu mkemia peke yake. Dhana hiyo ndiyo imefanya kemia ya wasio wa sayansi, popote ifundishwapo, iwe muhtasari wa kemia ya wanasayansi: sura zilezile, hesabu zikiwa zimepunguzwa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, Chama cha Kemia cha nchi hiyo kilitoa kitabu cha chuo kiitwacho Chemistry in Context, kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi hao. Mpangilio wake ni wa mambo ya maisha, kama hewa, maji na nishati, na nadharia huja pale inapohitajika. Wazo hilo lafaa kuigwa. Mfano wake haufai kunakiliwa. Hewa ya miji ya Marekani si mahali pa kuanzia kwa msomaji wa Turkana. Maji ndiyo mahali pa kuanzia.

Msomaji huyo hakosi maneno ya kemia. Anayo, ila yamepotoka. Neno kemikali, kwa mfano, katika mazungumzo ya kila siku limekaribia kuwa jina jingine la sumu: chakula chenye kemikali ni chakula kibaya, na kisicho nazo ni kizuri. Kwa maana hiyo chumvi, magadi na maji yenyewe huondolewa katika kemia, na mtu hubaki akidhani kwamba kilichotoka ardhini hakina madhara. Floraidi ya Bonde la Ufa hutoka ardhini. Haina rangi, na kwa viwango vya maji ya visima haina ladha wala harufu, nayo imeyatia meno ya watoto wengi wa Kenya na Tanzania rangi ya kahawia.

Neno dawa lina hatari ya namna nyingine. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki, maji hutiwa klorini, na klorini huitwa dawa ya maji. Jina hilo ni la kistaarabu na limeokoa watu wengi, kwa sababu kila mtu huelewa kwamba dawa ni kitu cha kukubaliwa. Lakini dawa huponya, na aliyeponywa ni mzima. Basi maji yaliyotiwa dawa huhesabiwa kuwa yamekuwa mazuri kwa kila hali. Klorini huua vijidudu. Haiondoi chumvi, wala haiondoi floraidi. Kuchemsha maji nako huua vijidudu, lakini mvuke ukishatoka, kilichokuwa kimemumunyika hubaki katika maji machache zaidi, yaani huzidi kukolea. Ili kupunguza floraidi yahitajika njia nyingine, kama ile ya mkaa wa mifupa iliyojaribiwa na kutumiwa Nakuru, na pia Ngurdoto karibu na Arusha. Mama anayechemsha maji ya kisima chenye floraidi anafanya jambo la busara dhidi ya adui mmoja huku akimwongezea nguvu adui wa pili. Kiswahili kinaweza kumweleza hilo kwa sentensi mbili. Mpaka sasa hakijatumwa.

Tukio lililofunza zaidi ni la mwaka 2013. Mwezi Septemba wa mwaka huo, serikali ya Kenya pamoja na UNESCO zilitangaza kwamba hifadhi kubwa za maji ya chini ya ardhi zimegunduliwa Turkana, katika bonde la Lotikipi na karibu na Lodwar. Makadirio yalikuwa ya mita za ujazo bilioni 250. Habari zikaenea duniani, na matumaini yakawa makubwa katika nchi iliyokuwa imetoka kupata ukame mkali wa mwaka 2011. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno, kiasi cha kutofaa kunywewa bila kwanza kutolewa chumvi hizo.

Hapana haja ya kumlaumu mtu kwa tangazo hilo. La kuangaliwa ni neno lenyewe. Habari ilihusu maji, na neno maji lilitosha kumshangilisha kila mtu. Swali ambalo mwanafunzi yeyote aliyeielewa aya ya Eliye angeliuliza, yaani ni nini kilichomumunyika ndani yake na kwa kiasi gani, halikuwa mbele ya umma wakati wa shangwe. Mkazi wa ufuko wa Ziwa Turkana, ziwa kubwa ambalo maji yake ni ya magadi, alikuwa na sababu kuliko watu wote ya kujua kwamba wingi wa maji si wema wa maji. Ujuzi huo alikuwa nao kwa ulimi wake. Hakuwa ameupata kwa lugha ambayo ingemwezesha kusimama katika mkutano na kumwuliza mtaalamu.

Hilo ndilo lengo la kemia kwa asiye mwanasayansi: aweze kuuliza swali linalostahili kujibiwa. Kwa kazi hiyo hahitaji istilahi mia tano. Anahitaji pengine thelathini, kila moja ikiwa imefungamana na kitenzi chake na kitu anachokijua.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba lugha ya kemia katika Kiswahili ina majina zaidi ya inavyodhaniwa na wanaoidharau, na ina sentensi chache kuliko inavyodaiwa na wanaoisifu. Kamusi ya mwaka 1990 ilitoa majina. Waliokuja baada yake waliendelea kuyahesabu, kuyalinganisha na kubishana juu ya sura zake, ilhali kazi iliyobaki ilikuwa ni kuandika.

Mapendekezo mawili yafuata. La kwanza ni kwamba toleo lolote lijalo la istilahi za kemia litungwe kutokana na matini: yaandikwe kwanza maelezo ya mambo yanayotokea, kama maji ya Eliye, chokaa ya tanuri, sabuni ya soda kostiki, kutu ya mabati, kisha istilahi zichaguliwe kwa kuangalia ni zipi zilizobeba mzigo na ni zipi zilizokwama. La pili ni kwamba sura ya kwanza ya kitabu cha kemia cha chuo iwe moja kwa wanafunzi wote wawili. Mwanasayansi ataendelea mbele kwenye milinganyo na hesabu, na mwenziwe atabaki na yale ya kumtosha uraiani. Lakini wawe wamezungumza lugha moja angalau kwa sura hiyo, kwa kuwa siku moja watakutana kando ya kisima, mmoja akiwa na karatasi ya vipimo na mwingine akiwa na mamlaka ya kukifunga au kukifungua.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na idara ya kemia peke yake, kwa kuwa haijishughulishi na vitenzi; wala haiwezi kufanywa na idara ya Kiswahili peke yake, kwa kuwa haitofautishi kalsiamu na sodiamu. Itafanywa na watu wawili wakiiandika aya moja pamoja, na kuifuta, na kuiandika tena, mpaka karani wa mradi wa maji aisome na kuuliza swali ambalo wao hawakulifikiria.